Fundi wa Zschopau na siri ya bomba la moshi

Mwaka 1961, katika mji wa Zschopau huko Saxony, Ujerumani Mashariki, injini ya pikipiki yenye silinda moja ya cc 125 ilifungwa kwenye mashine ya kupimia nguvu, ikapandishwa hadi karibu mizunguko 11,000 kwa dakika, ikatoa nguvu za farasi 25. Ujazo wa silinda hiyo haujazi nusu ya chupa ndogo ya soda. Ukikokotoa kwa lita, hao ni farasi 200 kwa lita moja, kiwango ambacho hakuna injini ya petroli isiyo na pampu ya kushindilia hewa iliyokuwa imekifikia. RT 125, pikipiki ya kazi ambayo ndiyo mama wa injini hiyo, ilipoingia barabarani mara ya kwanza haikufikisha hata farasi watano.

Aliyeifikisha hapo ni mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ. Hakuwa na fedha za viwanda vya Kijapani, na nchi yake ilikuwa na uhaba wa karibu kila kitu. Alichokuwa nacho ni subira: aunde bomba la moshi kwa bati, alifunge, alipime, alikate, achomelee jingine. Katika miaka minane aliigeuza injini iliyodharauliwa ikawa tishio. Kisha maarifa yake yakaondoka wikiendi moja pamoja na dereva wake bora, yakaishia Japani, na mashindano ya pikipiki duniani hayakurudi kuwa yalivyokuwa.

Injini yenyewe ni ya mipigo miwili, ile mafundi wanayoiita tu-stroki, inayonyweshwa petroli iliyochanganywa na oili. Boxer na TVS za bodaboda si za ukoo huo. Hizo ni za mipigo minne: pistoni hupanda na kushuka mara mbili ndipo moto uwake mara moja, na vali kichwani hufungua na kufunga kwa zamu. Tu-stroki huwaka kila kranki inapomaliza mzunguko mmoja. Kichwani haina vali. Ukuta wa silinda una matundu, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyafungua na kuyafunga inapopita. Mchanganyiko wa hewa, petroli na oili huingia kwanza chini, kwenye chumba cha kranki. Pistoni ikishuka huusukuma upande juu kwa njia za pembeni, wakati huohuo moshi ukitoka kwa tundu la mbele.

Mtu angedhani injini inayowaka mara mbili zaidi itatoa nguvu maradufu. Kwa miongo mingi haikuwa hivyo, na sababu iko palepale kwenye matundu. Tundu la moshi hufunguka kabla ya matundu ya kuingizia, na huchelewa kufungwa. Petroli mbichi huingia upande huu ikatokea upande ule kabla haijaona cheche. Kinachobaki ndani ni mchanganyiko wa moshi wa zamani na hewa mpya isiyotosha. Ndiyo maana injini hii ilipewa kazi za kitwana: kusukuma pikipiki za tarishi, kukata magogo, kupiga maji.

Zschopau ndiko ilikolelewa. Kampuni ya DKW, iliyoanzishwa hapo na Mdenmark Jørgen Skafte Rasmussen, ilikuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa pikipiki duniani kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920. Ilinunua haki ya ugunduzi wa mhandisi Adolf Schnürle, aliyeyaelekeza matundu ya kuingizia nyuma ya silinda, hewa mpya ikawa inapanda kwa ukuta wa nyuma, inageuka kichwani, inashuka ikiufukuza moshi. Kabla ya hapo pistoni ilihitaji nundu utosini ili kuizuia hewa isikate njia ya mkato. Baada ya Schnürle utosi ukawa karibu bapa, pistoni ikawa nyepesi na yenye kustahimili joto. Kwa pikipiki za mashindano DKW waliongeza pampu ya kushindilia hewa, na mwaka 1938 Ewald Kluge akashinda mbio za cc 250 katika kisiwa cha Man, akiwa juu ya mashine iliyosifika kwa kelele na ulafi wa petroli.

Vita vikaja, vikaisha. Wasimamizi wa mchezo wakapiga marufuku pampu za kushindilia hewa. Kwa injini za mipigo minne lilikuwa pigo linalostahimilika. Kwa tu-stroki lilionekana kuwa hukumu ya kifo.

Kaaden alizaliwa mwaka 1919 Pobershau, si mbali na Zschopau. Baba yake alikuwa dereva wa mkubwa mmoja wa DKW, na mtoto alikuwa bado mdogo alipopelekwa kuona ufunguzi wa kiwanja cha Nürburgring mwaka 1927. Alisomea ufundi Chemnitz. Wakati wa vita alikuwa kwenye kampuni ya Henschel chini ya Herbert Wagner, kwenye mradi wa Hs 293, bomu lenye mabawa lililoongozwa kwa redio. Wapo wanaopenda kusema kwamba alijifunza siri ya mawimbi ya moshi kutoka kwenye V-1, lile kombora lililonguruma juu ya London. Ni hadithi tamu, ila Hs 293 ilisukumwa na roketi, na injini yake haikuwa na uhusiano wowote na mngurumo wa V-1. Njia ya Kaaden ilikuwa ya kawaida zaidi. Vita vilipoisha alirudi kwao akafanya kazi ya mbao, akiunda mapaa ya nyumba zilizobomolewa na mabomu. Jioni alikuwa na RT 125 yake, akiichonga ili ikimbie. Kiwanda cha zamani cha DKW, kilichokuwa mali ya serikali sasa na baadaye kikaitwa MZ, kiliona kazi yake, na mwaka 1953 kikamkabidhi idara ya mashindano.

Hakuanza na karatasi tupu. Daniel Zimmermann, fundi binafsi, alikuwa ameshaweka kwenye injini yake kisahani chembamba cha chuma kilichozunguka na kranki na kufunika njia ya kuingizia hewa. Faida yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kufungua silinda. Pistoni ikiachiwa kazi ya kufungua njia ya hewa, ikifungua mapema italazimika kuchelewa kufunga kwa kiasi kilekile, na hewa iliyokwisha kuingia hurudishwa nje kupitia kabureta. Kisahani kina pengo lililokatwa kwa kipimo anachotaka fundi: kifungue mapema, kifunge mapema. Ng'ambo ya mpaka, Ujerumani Magharibi, mhandisi Erich Wolf wa DKW mpya alikuwa amejaribu mabomba ya moshi yenye tumbo mwaka 1951. Kaaden alichukua yote mawili. Tofauti yake na wenzake ni kwamba hakuridhika kuona kitu kinafanya kazi. Alitaka kujua kwa nini, na kwa kipimo gani.

Hapo ndipo bomba la moshi linapokuwa kiini cha hadithi.

Tundu la moshi linapofunguka, gesi yenye presha kubwa huchomoka ghafla, na mlipuko huo husafiri ndani ya bomba kama wimbi la sauti. Katika hewa ya kawaida sauti hukimbia takriban meta 340 kwa sekunde. Ndani ya moshi wa moto hupita meta 500. Wimbi likifika mahali bomba linapoanza kupanuka, sehemu yake hugeuka na kurudi kwenye silinda, lakini hurudi likiwa limepinduka: linakuja na mvuto badala ya msukumo. Mvuto huo ukifika pale matundu ya kuingizia yako wazi, hukomba moshi uliobaki na kuvuta hewa mpya kutoka chumba cha kranki hadi nje ya silinda, ndani ya bomba lenyewe. Kwa bomba la kawaida hiyo ingekuwa hasara. Ila bomba la Kaaden, likishapanuka, husinyaa tena kuelekea mwisho. Ukuta unaosinyaa hulirudisha wimbi likiwa na msukumo, na msukumo huo huikuta ile petroli mbichi iliyotoroka, huirudisha silindani na kuishindilia, muda mfupi sana kabla pistoni haijaziba tundu.

Kwa maneno mengine, pampu iliyopigwa marufuku ilirudishwa kwa mlango wa nyuma, safari hii bila gia, mkanda wala chuma kinachozunguka. Sheria haikuwa na la kusema kuhusu sauti.

Ugumu uko kwenye muda. Injini inayozunguka mara 10,000 kwa dakika hukamilisha mzunguko mmoja kwa sehemu sita za elfu za sekunde. Tundu la moshi huwa wazi kwa zaidi kidogo ya nusu ya muda huo. Wimbi linalokwenda meta 500 kwa sekunde lina nafasi ya kusafiri meta moja na nusu hivi, kwenda na kurudi, na hapo lazima mvuto ufike kwanza na msukumo baadaye. Sentimita mbili zaidi kwenye bomba, au koni yenye mteremko mkali kuliko inavyotakiwa, na msukumo unagonga mlango uliokwisha kufungwa. Kaaden alitumia osiloskopu kuyatazama mawimbi hayo yakienda na kurudi, chombo ambacho wengi wa washindani wake hawakufikiria kukiweka karibu na pikipiki. Aliyaona kwa macho mambo ambayo wengine waliyabahatisha kwa kukata na kuchomelea.

Nguvu ilipoongezeka, joto likaongezeka nayo. Beringi za juu ya konrodi ziliungua, utosi wa pistoni ukachoka. Kaaden akachonga njia ya tatu ya kuingizia, nyuma ya silinda mkabala na tundu la moshi, ikipata hewa yake kupitia dirisha lililokatwa kwenye pistoni. Hewa baridi yenye oili ikawa inapita chini ya utosi na juu ya beringi kila mzunguko. Ilipoanza ilikuwa dawa ya joto. Kumbe ilileta na nguvu zaidi. Kisahani, bomba na njia ya tatu: hayo matatu ndiyo urithi wake, na kati ya hayo mawili yaliasisiwa na wengine.

Ushindi haukuchelewa sana. Mwaka 1958 Horst Fügner aliipatia MZ ushindi wake wa kwanza wa Grand Prix, katika cc 250 nchini Sweden. Mwaka uliofuata kijana mwenye akili kali ya mitambo, Ernst Degner, akashinda Monza katika cc 125, mbele ya mashabiki wa Italia waliozoea kuwaona watu wao juu. Degner hakuwa dereva tu. Alifanya kazi karibu na Kaaden, aliielewa injini, na alijua kila namba iliyoifanya ikimbie.

Kufikia Septemba 1961 alikuwa ameshinda Hockenheim, Sachsenring na Monza, na ubingwa wa dunia wa cc 125 ulikuwa karibu mkononi mwake. Mpinzani alikuwa Mwaustralia Tom Phillis wa Honda. Zilibaki mbio mbili.

Ila mwezi mmoja kabla, tarehe 13 Agosti, serikali ya Ujerumani Mashariki ilianza kujenga Ukuta wa Berlin. Wasomaji wa Unguja wanaikumbuka serikali hiyo kwa sura nyingine, kwa nyumba za ghorofa za Kikwajuni na Kilimani zilizojengwa kwa msaada wake baada ya Mapinduzi ya 1964. Kwa raia wake ilikuwa nchi yenye mlango mmoja, na mlango huo sasa ulikuwa umezibwa kwa matofali. Degner alikuwa na mke na watoto wawili wadogo ndani. Yeye aliruhusiwa kusafiri kwa sababu wao walibaki.

Jumapili ya tarehe 17 Septemba, Kristianstad nchini Sweden, injini yake iliharibika mapema katika mbio. Matumaini ya kuutwaa ubingwa siku hiyo yakayeyuka. Wenzake wa MZ waliporudi hotelini hawakumkuta. Alikuwa njiani kuelekea Denmark na kutoka huko Ujerumani Magharibi, ambako mkewe na watoto walikuwa wameingizwa kwa siri wikiendi hiyohiyo, wamefichwa kwenye buti ya gari, watoto wakiwa wamepewa dawa ya usingizi ili wasilie mpakani. Mipango hiyo ilikuwa imeanza wiki nyingi kabla, na aliyekuwa upande wa pili wa mazungumzo alikuwa Suzuki.

Suzuki walikuwa wanahitaji msaada. Mwaka 1960 walikwenda kisiwa cha Man kwa mara ya kwanza na tu-stroki zao za cc 125, na aliyefanya vizuri zaidi kati yao akawa wa 15. Mwaka 1961 haukuwa bora. Degner alipofika Hamamatsu mwishoni mwa mwaka huo, kwa malipo yanayotajwa kuwa pauni 10,000, alileta vitu ambavyo wahandisi wa Kijapani wangevitafuta kwa miaka. Inasimuliwa kwamba alikuwa na michoro na vipuri kwenye sanduku lake. Hata kama asingebeba chochote, kichwa chake kilitosha.

Majira ya joto ya 1962 Degner alishinda mbio za cc 50 kisiwani Man akiwa na Suzuki, tu-stroki ya kwanza kushinda huko tangu Kluge mwaka 1938. Mwisho wa msimu akawa bingwa wa dunia wa cc 50. Huo ulikuwa ubingwa wa kwanza wa Suzuki, na wa kwanza kwa injini ya mipigo miwili katika historia ya mashindano hayo. Ubingwa wa 1961 alioukimbia ulikwenda kwa Phillis na Honda. MZ hawakuupata ubingwa wa dunia wa Grand Prix hata mara moja, si mwaka huo wala mwingine wowote.

Je, Degner alikuwa mwizi? Wengi wamemwita hivyo, na Kaaden alikuwa na kila haki ya kuona hivyo. Lakini ukiufuata ukoo wa injini hii nyuma, unakuta mikono mingi mifukoni mwa watu. Michoro ya RT 125 iligawanywa baada ya vita kama fidia, ikazaa BSA Bantam ya Uingereza, Harley-Davidson ya cc 125 ya Marekani, na Moskva ya Wasovieti. Yamaha, walipoamua kutengeneza pikipiki yao ya kwanza mwaka 1955, YA-1, waliichukua RT 125 kama kielelezo. Kisahani kilikuwa cha Zimmermann, bomba lilikuwa la Wolf, mtiririko ulikuwa wa Schnürle. Tofauti ni kwamba hao wengine walichukua wazo na kuliacha lilikotoka likiendelea kuishi. Degner aliondoka na mtu mmoja aliyeweza kuipatia MZ ubingwa, yaani yeye mwenyewe, na hilo halikuwa na kipuri cha kuliziba.

Hakustarehe kwa muda mrefu. Mwaka 1962, kwenye kiwanja kipya cha Suzuka nchini Japani, alianguka kwenye kona ambayo hadi leo madereva wa Formula One wanaiita Degner. Mwaka uliofuata, kwenye kiwanja hichohicho, pikipiki yake ililipuka moto na akaungua vibaya, akahitaji kupandikizwa ngozi mara nyingi. Alifariki mwaka 1983 kisiwani Tenerife akiwa na miaka 51. Kaaden alibaki Zschopau, akaendelea kuunda injini, na mwaka 1963 Mike Hailwood akampatia ushindi wa cc 250 mbele ya umati wa nyumbani Sachsenring. Alifariki mwaka 1996, nchi aliyoitumikia ikiwa imeshafutika kwenye ramani.

Wajapani waliipeleka sayansi yake mbali hadi ikakaribia kichekesho. Mwaka 1964 Phil Read alitwaa ubingwa wa cc 250 akiwa na Yamaha. Kufikia 1967 Suzuki walikuwa na injini ya cc 50 yenye silinda mbili iliyotoa farasi 17.5, sawa na 350 kwa lita, ikizunguka zaidi ya mara 17,000 kwa dakika. Gia zake zilikuwa 14. Dereva alihitaji zote, kwa sababu nguvu ilipatikana kwenye kipande kidogo tu cha mizunguko; ukishuka chini yake kwa mia chache, injini inakufa mikononi. Shirikisho la kimataifa likachoka, likaamuru kuanzia 1969 cc 50 ziwe na silinda moja na gia zisizozidi sita. Kwenye daraja la juu, cc 500, Giacomo Agostini akaipatia tu-stroki ubingwa wa kwanza mwaka 1975 akiwa na Yamaha, na hadi Valentino Rossi alipoutwaa kwa Honda mwaka 2001 hakuna aliyekuwa bingwa wa daraja hilo kwa injini ya aina nyingine. Mwaka 2002 kanuni zilibadilishwa, moshi na petroli mbichi vikawa aibu, na mipigo minne ikarudi.

Yote hayo yana maana gani kwa fundi wa Mombasa, Tanga au Mwanza? Zaidi ya anavyoweza kudhani. Tu-stroki zimetoweka karibu zote kwenye bodaboda, ila hazijatoweka kwenye maisha. Mashine za Yamaha za nyuma ya boti bado zinasukuma wavuvi kutoka Lamu hadi Mtwara. Kuna misumeno ya mnyororo, mashine za kufyekea majani, majenereta madogo ya dukani, na Yamaha za zamani za maofisa ugani ambazo hazijakubali kufa. Na pale penye injini ndogo na kijana, patakuwa na mtu anayetaka iende kasi zaidi.

Jambo la kwanza analofanya ni kukata silensa. Kelele huongezeka, na kelele hudanganya. Kwenye tu-stroki yenye bomba lililokokotolewa, kukata ule mwisho unaosinyaa ni kutupa kile kilichokuwa kinairudisha petroli silindani. Injini inayonguruma kijiji kizima kisikie huwa imepoteza nguvu, na inakunywa zaidi.

Jambo la pili ni tupa. Tundu la moshi likichongwa juu kwa milimita moja au mbili, hufunguka mapema, na injini hupenda mizunguko ya juu kuliko awali. Gharama yake ni nguvu ya chini, ile inayoondoa mzigo. Tundu likipanuliwa pembeni kupita kiasi, ringi ya pistoni hutokeza ndani yake, hunasa ukingoni na kuvunjika. Mafundi wazuri huacha kingo zimelainishwa kwa sababu hiyo hasa. Silinda hedi ikinyolewa ili kuongeza mgandamizo, joto hupanda, na petroli duni huanza kulipuka kabla ya wakati wake. Mlio wa kugonga ukisikika mara ya kwanza, utosi wa pistoni unaweza kuwa umeshaanza kuliwa.

Kosa linaloua injini nyingi kuliko yote, hata hivyo, halitokani na tupa. Mtu hubadilisha bomba au chujio, injini inavuta hewa zaidi, na jeti ya kabureta inaachwa ileile. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, unawaka kwa moto mkali, na kwa kuwa oili inasafiri ndani ya petroli, petroli ikipungua na oili imepungua. Pistoni inavimba, inaikaba silinda, injini inanoki katikati ya safari. Barabarani hilo ni usumbufu. Kwenye boti nje ya mkondo wa Pemba, saa ambayo kaskazi imechafuka, ni jambo jingine. Hata bila kunoki, mvuvi anayerudi pwani na boti imejaa dagaa anahitaji nguvu ya chini ya kusukuma mzigo, nayo ndiyo ya kwanza kutolewa kafara na kila aliyechonga injini kwa ajili ya kasi. Kaaden mwenyewe aliunda injini iliyoishi kwa mbio moja, kisha ikafunguliwa na kupewa vipuri vipya.

Ufundi huo wa mbio unaendelea Afrika Mashariki pia, mahali pake panapostahili. Kwenye viwanja vya motokrosi vya Jamhuri Park jijini Nairobi na Busiika nchini Uganda, watoto wa umri wa shule ya msingi hushindana kwa KTM za cc 50, 65 na 85, zote za mipigo miwili, zote na bomba lenye tumbo linalopita ubavuni mwa tangi. Pistoni ya cc 65 hubadilishwa kwa saa za kukimbia, si kwa miaka, na wazazi wenye uzoefu hufunga kisaa kidogo kwenye pikipiki kuhesabu, wakiwa na pistoni ya akiba, ringi na gasketi kwenye buti la gari.